Kabla Hujawasha Mashine: Kukijenga Upya Kiwanda Baada ya Janga la Maradhi

Siku tuliyorudi kiwandani baada ya kufunga kwa wiki 11, kilichotukwamisha hakikuwa uhaba wa oda. Ilikuwa sili ya mpira, duara dogo la kutosha kukaa katika kiganja cha mtoto. Mashine ya pili ya kupuliza chupa ilikuwa imelala muda wote huo, sili ikakauka na kupasuka, na tulipoiwasha mafuta ya haidroliki yakatapakaa sakafuni kabla ya chupa hata moja kutoka. Stoo hatukuwa na sili nyingine ya aina ile. Aliyekuwa akituuzia alikuwa bado amefunga. Mashine ikakaa siku 19 ikisubiri kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiandika kwenye orodha yoyote.

Mimi ni msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda cha chupa na vifuniko vya plastiki. Kabla ya UVIKO-19 tulikuwa watu 83. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, na likaondoa hali ya dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023. Katika miaka hiyo mitatu nilifunga kiwanda, nikakifungua, nikakikaribia tena kukifunga, kisha tukakijenga upya kipande kwa kipande. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya mwenzangu mwenye kiwanda kidogo au cha kati, ambaye hana idara ya mikakati wala washauri wa kulipwa, na ambaye anajua kwamba maradhi mengine yatakuja.

Katika yote niliyopitia, jambo moja limejirudia kila mahali nilipotazama: kinachokisimamisha kiwanda mara nyingi ni kitu kimoja ambacho wote wanakitegemea na hakijaandikwa popote. Kinaweza kuwa kipuri, mtu, muuzaji au mteja. Kujijenga upya ni kazi ya kukitafuta kitu hicho kabla hakijakutafuta wewe.

Usiwashe kila kitu kwa siku moja

Hili naliweka mbele kwa sababu linaua. Alfajiri ya tarehe 7 Mei 2020, kiwanda cha kemikali mjini Visakhapatnam, India, kilikuwa kikijiandaa kurudi kazini baada ya amri ya kutotoka nje. Stairini, kemikali ya kutengenezea plastiki, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye tangi muda wote wa kufunga ilipanda joto, ikageuka mvuke na kuwafikia majirani waliokuwa wamelala. Watu wasiopungua 11 walikufa na mamia wakapelekwa hospitali. Malighafi iliyokaa si ile uliyoiacha. Kabla ya kufikiria uzalishaji, pita kwenye kila tangi, pipa na silinda, ujiulize: hii imekaa muda gani, joto lake ni kiasi gani, na nani anajua inafanya nini ikikaa?

Baada ya hapo, maji. Maji yaliyotuama kwenye mabomba na minara ya kupoozea mashine huotesha bakteria wa legionela, ambao huleta nimonia kali mtu akivuta matone yake madogo. Fungua mabomba yote maji yatoke, safisha mnara wa kupoozea na uutie dawa, na anayefanya kazi hiyo avae barakoa ya kuchuja, si ya kitambaa. Inasikitisha mtu kuokoka na ugonjwa mmoja nyumbani akaja kuupata mwingine kazini.

Kisha fuata mpangilio huu, ambao sisi tuliupata kwa kukosea. Siku ya kwanza waite mafundi wa matengenezo peke yao, bila waendesha mashine. Wapime unyevu kwenye mota kabla ya kuzipa umeme. Watoe maji yaliyokusanyika kwenye tangi la kompresa. Wakague nyaya, maana panya hawakuwa na likizo. Wajaribu kila kitufe cha kuzimia dharura na kila king'ora. Waangalie tarehe za ukaguzi wa boila na vyombo vya shinikizo, kwa kuwa nyingi zitakuwa zimepita mkiwa nyumbani. Siku ya pili au ya tatu ndipo uwashe laini moja tu, mchana, kwa mwendo wa nusu, mafundi wote wakiwa wamesimama pale pale. Ikikaa sawa zamu nzima, washa ya pili.

Kuna kitu kimoja cha umeme ambacho wengi hawakijui hadi kiwaumize. Mashine za zamani hutunza programu yake kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ndani ya kidhibiti. Umeme ukizimwa wiki nyingi na betri ikawa imechoka, mashine inaamka haikumbuki chochote: joto la kila eneo, muda wa kupuliza, shinikizo, vyote vimefutika. Kwetu ilitokea kwenye mashine mbili kati ya sita. Ndipo tulipogundua kwamba namba zile zilikuwa mahali pawili tu duniani, ndani ya mashine na kichwani mwa fundi wetu mkuu wa kalibu, yaani vile vyombo vinavyoipa chupa umbo lake. Na fundi wetu mkuu wa kalibu hakurudi. Maradhi yalimchukua wiki ya sita.

Binti yake alituletea daftari lake. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 96, lenye madoa ya grisi, na humo alikuwa ameandika kwa mkono namba za kalibu 14 kati ya 41 tulizokuwa nazo. Zile 27 tulizitafuta upya kwa kujaribu na kuharibu, miezi mitatu. Ninamkumbuka kila ninapolifungua lile daftari. Hakuna aliyemwomba aandike, aliandika kwa hiari yake. Wa kumwomba nilikuwa mimi, na sikumwomba.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kweli ni hii: kabla ya kununua chochote, nakili mipangilio ya kila mashine na kila kalibu kwenye karatasi, piga picha, weka nakala sehemu tatu. Badilisha betri zote za vidhibiti mashine zikiwa bado na umeme. Hii ni kazi ya siku nne kwa kijana mmoja mwenye simu na subira.

Watu: chora jedwali, tafuta mashimo

Chukua karatasi kubwa. Upande wa kushoto andika majina ya wafanyakazi wote. Juu andika kazi zote, hasa zile ndogondogo: kuwasha boila, kubadili kalibu, kuandika hati za kutoa mzigo, kurekebisha mizani, kuendesha folklifti, kuingia kwenye akaunti ya benki ya kiwanda. Kila kisanduku weka 0 kama mtu hajui, 1 kama anajua akisimamiwa, 2 kama anaweza peke yake, 3 kama anaweza kumfundisha mwingine. Ukimaliza, usitazame watu, tazama safu za kazi. Safu yoyote yenye 2 au 3 moja tu ni shimo. Sisi tulikuta mashimo 9. Moja lilikuwa mama wa stoo, ambaye ndiye peke yake aliyejua vipuri viko wapi, kwa sababu alivipanga kwa mantiki yake mwenyewe miaka 12.

Jedwali hili litundike ukutani. Nilidhani watu wataona aibu kwa sifuri zao, kumbe ilikuwa kinyume. Vijana walianza kuja kuniuliza lini watafundishwa folklifti. Kipindi cha oda chache baada ya janga ndicho cha kufundishana, kwa sababu mashine zikishajaa kazi hakuna atakayepata muda. Tulitenga saa mbili kila Ijumaa, zinalipwa kama saa za kazi, na anayefundisha anapata nyongeza kidogo. Baada ya miezi saba mashimo yalibaki mawili.

Kuhusu afya nasema mambo mawili tu, kwa uzito wote. La kwanza ni hewa. Tulipoteza fedha kwenye vioo vya plastiki baina ya meza na kwenye dawa za kupulizia sakafu, wakati virusi vile vinasafiri zaidi kwa hewa. Nunua kipimo cha kabonidioksidi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni. Ndani ikipita 800 kwa kiasi kikubwa, maana yake watu wanavuta pumzi za wenzao, fungua madirisha ya juu, weka feni za kutoa hewa, au punguza watu. Chumba chetu cha chakula kilisoma 2,300 siku ya kwanza. Tulikuwa tumehangaika na ukumbi wa mashine, ambao una paa refu na hewa nzuri, huku watu wakiambukizana walipovua barakoa wakala.

La pili ni mshahara wa mgonjwa. Mtu anayejua kwamba akibaki nyumbani hatalipwa atameza dawa ya homa na kuja kazini. Huwezi kumlaumu, ana watoto. Lipa siku za ugonjwa bila maswali mengi. Nilipiga hesabu na mhasibu wetu: kumlipa mtu mmoja siku saba abaki kwake kulikuwa nafuu mno kuliko kusimamisha zamu nzima ya watu 22, jambo ambalo lilitupata mara mbili kabla hatujabadili utaratibu.

Fedha, kwa ufupi

Viwanda vingi havikufa wakati wa kufungwa. Vilikufa oda ziliporudi. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Chukua siku ambazo mzigo wako unakaa, kuanzia malighafi hadi bidhaa kutoka getini, tuseme 40. Ongeza siku ambazo mteja anachukua kukulipa, tuseme 60. Toa siku ambazo muuzaji wa malighafi anakuvumilia, tuseme 30. Unabaki na siku 70 ambazo unagharamia kazi ya mtu mwingine kwa fedha zako. Oda zikiongezeka maradufu, fedha unayohitaji kuziba pengo hilo nayo inaongezeka karibu maradufu, na wewe umetoka kwenye miezi ya kutouza kitu.

Tengeneza jedwali la wiki 13 zijazo: fedha itakayoingia kila wiki, itakayotoka kila wiki, na kitakachobaki. Lipitie kila Jumatatu na mhasibu, lisogeze wiki moja mbele. Wiki yenye alama ya kutoa utaiona ikiwa bado miezi miwili, na muda huo unatosha kumpigia mteja simu kumwomba malipo ya awali, au kumweleza muuzaji ukweli. Mpigie kabla hujachelewa kulipa, si baada. Na ikibidi, ikatae oda. Nilikataa moja kubwa mwezi Novemba 2020, mkurugenzi akanuna wiki nzima, lakini malighafi yake tu ingetukausha kabla ya shehena ya pili.

Malighafi: wauzaji wawili, kisima kimoja

Hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko kwingine, na ndipo ninapokuomba ukae zaidi.

Kila mtu atakwambia uwe na wauzaji zaidi ya mmoja. Sisi tulikuwa nao wawili wa chembe za plastiki, na tulijiona salama. Katikati ya Februari 2021 baridi kali ilipiga jimbo la Texas, Marekani, umeme ukakatika, na viwanda vingi vya petrokemikali vya ukanda ule vikazimika kwa wiki kadhaa. Chembe za plastiki zikaadimika duniani. Wauzaji wetu wote wawili wakatuandikia barua ndani ya siku tatu, karibu kwa maneno yale yale. Tulipouliza kwa kina, tukakuta wote wananunua kwenye kiwanda kimoja. Tulikuwa na ndoo mbili kwenye kisima kimoja.

Kwa hiyo usiishie kumwuliza muuzaji wako bei. Mwulize: wewe unakitoa wapi? Kinatengenezwa mji gani? Kinapita bandari gani? Una akiba ya siku ngapi? Wengine watakataa kujibu, na jibu hilo nalo ni taarifa. Toyota ilijifunza hili baada ya tetemeko na tsunami ya 11 Machi 2011 nchini Japani. Ilianza kufuatilia wauzaji wa wauzaji wake, na ikawataka baadhi yao waweke akiba ya chipu za kompyuta ya miezi miwili hadi sita. Uhaba wa chipu ulipoanza kuyasimamisha makampuni mengine ya magari mapema mwaka 2021, Toyota iliendelea kufanya kazi kwa miezi kadhaa zaidi. Baadaye nayo ilipunguza uzalishaji, kwa hiyo akiba haikuwa kinga kamili, lakini ilimpa mwenye nayo muda, na muda ndio ulioadimika kuliko chipu zenyewe.

Kwenye uhaba huo wa chipu kuna funzo jingine ninalolirudia kwa watu wangu wa manunuzi. Mwaka 2020 makampuni ya magari yaliogopa, yakafuta oda zao. Watengenezaji wa chipu hawakukaa kusubiri. Nafasi ile waliwapa watengenezaji wa kompyuta na simu, ambazo wakati huo watu waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani walikuwa wakizinunua kwa wingi. Magari yalipoanza kununuliwa tena, makampuni yale yakajikuta mkiani mwa foleni. Ukifikwa na dhiki, usifute oda za kitu kinachokusimamisha. Zipunguze, zisogeze mbele, zungumza, lakini jina lako libaki kwenye foleni.

Sasa, akiba iwe kiasi gani? Wataalamu wana fomula zao, lakini sisi tunatumia njia ambayo mtu wa stoo anaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua muda wa kawaida wa kupata mzigo toka kuagiza hadi kufika. Chukua na muda mrefu kuliko yote uliowahi kukupata mwaka uliopita. Tofauti yake zidisha kwa matumizi ya siku. Sisi kawaida ilikuwa siku 30, mbaya kuliko zote ilikuwa 52, na tunatumia tani 4 kwa siku. Tofauti ni siku 22, mara 4, tani 88. Hiyo ndiyo akiba ambayo hatuigusi ila kwa dharura. Mwezi wa Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama na kuziba Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29, mamia ya meli zilipanga foleni, na athari zake bandarini ziliendelea muda mrefu baada ya mfereji kufunguka. Konteina letu lilichelewa siku 17. Hatukusimama.

Lakini usiweke akiba hiyo kwa kila kitu, utafilisika ukiwa na ghala lililojaa. Gawa vitu kwa swali moja: kikikosekana kesho, nini kinasimama? Gundi ya lebo ikikosekana, nitatumia nyingine. Sili ya haidroliki ikikosekana, mashine inalala. Kwa hiyo kitu cha bei ndogo kinachosimamisha mashine kinastahili akiba kubwa, na kitu cha bei kubwa chenye mbadala kinastahili ndogo. Wahasibu hupenda kufanya kinyume, kwa kuwa wanaona thamani ya kilichopo rafuni, hawaoni thamani ya kinachokosekana. Tulikaa na mafundi siku mbili, mashine kwa mashine, tukapata orodha ya vipuri 63 vya namna hii. Vyote kwa pamoja vilichukua rafu mbili tu. Tahadhari moja: mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya mfuko wake, kwa hiyo andika tarehe kwenye kila sili, iweke mbali na jua na joto, na tumia ya zamani kwanza.

Na kuna kosa la upande wa pili, ambalo nalo nimelifanya. Katikati ya mwaka 2021, kwa hofu, niliagiza mzigo ule ule kwa wauzaji wawili nikitarajia mmoja atashindwa. Hakushindwa hata mmoja. Ghala likajaa, bei ya chembe ikaanza kushuka, na tukawa na mzigo wa gharama ya juu kuliko ule ambao washindani wetu walikuwa wakinunua. Hali hii wataalamu wa ugavi huilinganisha na mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Mteja wa mwisho anaongeza ununuzi kidogo, duka linaagiza zaidi kidogo kwa tahadhari, msambazaji anaongeza tena, na kiwanda kinapata oda ambayo haina mtu nyuma yake. Dawa yake ni kuuliza matumizi, si oda. Sasa kila mwezi nawapigia wateja wetu watano wakubwa na kuwauliza: mmejaza chupa ngapi mwezi huu, na zimebaki ngapi ghalani kwenu? Mwanzoni walishangaa. Leo watatu kati yao wananitumia namba wenyewe.

Kubadili bidhaa bila kujipoteza

Mnamo Machi 2020 kampuni ya LVMH ya Ufaransa iligeuza viwanda vyake vya manukato kutengeneza vitakasa mikono. General Motors ya Marekani, ikishirikiana na kampuni ya Ventec, ilitengeneza mashine za kupumulia 30,000 mwaka huo huo. Watu wakazisifu kwa wepesi. Mimi naona kilichowasaidia ni kwamba hawakwenda mbali. Kiwanda cha manukato tayari kina matangi, kina alkoholi, kina laini ya kujazia chupa, na kina watu wanaojua kuishi na kitu kinacholipuka. General Motors walitumia mkono wao wa kuunganisha vipande vingi kwa usahihi na kuwasaka wauzaji wa vipande hivyo, na muundo wa mashine waliuchukua kwa aliyekuwa akiitengeneza tayari.

Basi ukitaka kubadili bidhaa, anza na jedwali lile la ujuzi na orodha ya mashine, si na habari za soko. Jiulize ni kitu gani kilicho hatua moja tu kutoka unachofanya sasa. Hatua mbili ni hatari. Sisi chupa za vitakasa mikono zilikuwa hatua moja, tukazitengeneza ndani ya siku tisa na zikatulipa. Pampu za chupa hizo, ambazo zilikuwa adimu kupita kiasi, zilikuwa hatua tatu: springi, vipande saba, mashine ya kuunganisha ambayo hatukuwa nayo. Tulinunua mashine ile kwa mkopo. Ilipofika na kufungwa, uhaba ulikuwa umekwisha. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba hakuna mashine mpya bila mkataba uliosainiwa wa kununua bidhaa yake kwa muda unaotosha kulipa angalau nusu ya bei.

Pamoja na hayo, punguza aina. Tulikuwa na aina 41 za chupa, nyingine tofauti yake ni shingo ya milimita mbili. Tulikaa na wateja, tukazishusha hadi 26, na hakuna mteja aliyeondoka. Kisha tukaushughulikia muda wa kubadili kalibu. Mjapani Shigeo Shingo alionyesha zamani kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kubadili inaweza kufanywa mashine ikiwa bado inazunguka: kuleta kalibu karibu, kuipasha joto, kuandaa bolti na spana. Tulimrekodi fundi kwa simu akibadili kalibu, tukaitazama video pamoja naye. Katika saa tatu na dakika kumi, dakika 50 nzima zilikuwa za kutembea kutafuta vitu. Tukamtengenezea kitoroli chenye kila anachohitaji. Muda ukashuka hadi saa moja na nusu kabla hatujatumia senti yoyote kwenye mashine. Kiwanda kinachobadili kalibu kwa saa moja na nusu kinaweza kupokea oda ndogo, na baada ya janga oda huanza zikiwa ndogo.

Kuhusu kompyuta na programu za kusimamia kiwanda, nasema taratibu. Watakuja watu wenye suti kukuuzia mfumo. Anza na ubao mweupe kando ya kila mashine: imesimama saa ngapi, imeanza saa ngapi, kwa sababu gani. Miezi mitatu ya ubao itakuonyesha ni kipimo gani unahitaji kununua. Sisi tuliishia kununua vihisi vya mtetemo kwa kompresa mbili, na simu moja nzuri yenye kamera ili fundi wa mbali aone ndani ya mashine bila kusafiri.

Zoezi la nusu siku

Mara mbili kwa mwaka tunafanya zoezi. Asubuhi, bila taarifa, ninaokota majina kwenye boksi: watu watatu katika kila kumi "wanaugua." Wanakwenda kukaa chumba cha mikutano, hawaruhusiwi kujibu simu. Kisha naokota muuzaji mmoja "aliyefunga," na kipuri kimoja "kilichokwisha." Waliobaki wanaendesha kiwanda hadi saa sita mchana. Kila walipokwama tunaandika, na mambo yaliyoandikwa yanagawiwa watu na tarehe siku hiyo hiyo. Mwanzoni mkurugenzi aliona ni kupoteza nusu siku ya uzalishaji. Nikamwonyesha siku 19 za ile sili.

Zoezi la mwisho, waliookotwa walikuwa pamoja na mafundi wetu wote wawili wa kalibu, nami nikazima kidhibiti cha mashine ya pili na kufuta kumbukumbu yake. Kijana aliyeanza kazi miezi minne kabla alikwenda kabatini, akatoa nakala ya daftari, akalifungua ukurasa wa kalibu namba 8 na kuanza kuingiza namba moja moja, mama wa stoo akimsomea. Chupa ya kwanza iliyosimama wima na isiyovuja ilitoka baada ya dakika 47. Tuliandika 47 ubaoni. Zoezi lijalo tumelipangia 35.